Shukrani ya Ijumaa

Kaka yangu Mukendi alinunua mbuzi mzima kusherehekea siku ambayo mwanawe alifungiwa njia ya chuo kikuu. Hakujua. Hakuna aliyejua isipokuwa mtoto mwenyewe, na mtoto mwenyewe alikuwa amejifungia chumbani akisema kichwa kinamuuma. Mimi na wifi yangu Mbombo tulikuwa jikoni tunasonga bukari, ndiyo ugali wetu, na kugeuza sombe ya majani ya muhogo, tena tunaimba kwa sauti, kama watu wasio na akili.

Niwaeleze kwanza habari za huyu Mukendi, la sivyo mtamchukia bure. Tulizaliwa Likasi, kule Katanga, baba yetu akiwa mfanyakazi wa kampuni ya migodi. Mwaka huo ninaousimulia, 2008, tulikuwa tayari watu wa Brussels wa siku nyingi. Mukendi na familia yake walikaa Molenbeek, ghorofa ya tatu, na kila asubuhi alipanda metro kwenda Auderghem kusafisha nyumba ya wazee. Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi katika nyumba hiyo hiyo. Ni mimi niliyemtafutia kazi ile, na hadi leo hajanisamehe kwa sababu mdogo wake wa kike ndiye aliyemwingiza mahali.

Kaka yangu anaheshimu vitu viwili duniani, Mungu na shule, na sina hakika ni kipi kinatangulia. Kwetu Likasi mzazi akiitwa na mwalimu alivaa koti, akaketi kwenye ncha ya kiti, akasikiliza, akasema aksanti, akaenda zake. Kumuuliza mwalimu "kwa nini" ilikuwa sawa na kumwambia hajui kazi yake. Na ukishasema aksanti, jambo limekwisha. Huwezi kurudi kesho yake kulichokonoa.

Basi Ijumaa ya mwisho ya Juni wazazi waliitwa shuleni kuchukua ripoti. Mukendi alivaa suti ya arusi yake na kwenda peke yake, maana Mbombo alikuwa kazini. Mwanawe Hénock alikuwa anamaliza darasa la nne la sekondari, sehemu ya masomo ya jumla, générale wanavyoiita, ile inayomwandaa mtoto kwenda chuo kikuu. Mwalimu wa darasa alimwambia Mukendi kwa upole kwamba kijana amevuka mwaka, lakini baraza la walimu limeona itamfaa zaidi kuhamia ufundi. Umeme, électricité. Lugha zinampa shida, Kiholanzi hasa, na mikono yake ni mizuri. Je, baba anakubali?

Hapo ndipo kaka yangu alipofanya kosa ambalo Hamadi, jirani yake aliyezaliwa Molenbeek, asingelifanya hata akiwa usingizini. Ni kosa la mtu wa Likasi wa umri wetu. Kule kwetu shule ya ufundi ilikuwa ya kampuni yenyewe. Watoto walifanya mtihani mkali kuingia, na waliochaguliwa walipita barabarani wamevaa makoti ya bluu na rula zao mfukoni, nasi wasichana tulisimama kwenye ua kuwatazama. Mukendi alijaribu mtihani ule mara mbili, na mara zote mbili aliikosa nafasi. Alilia, mimi nilimwona. Sasa mwalimu wa Ubelgiji anamwambia kwamba mtoto wake wa damu anapelekwa ufundi, tena bila mtihani. Kidogo apige magoti. Alisema aksanti kwa mwalimu, akamfuata mkurugenzi wa shule kwenye korido akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia aksanti naye pia. Kisha akaenda kutafuta mbuzi.

Jumamosi mchana nyumba ilijaa watu wa kanisani. Mukendi alikuwa anacheka, anamimina vinywaji, anarudia habari yake kwa kila aliyeingia. Mmoja wa wageni alikuwa Rigobert, kijana wa Bukavu aliyeongoza kwaya yetu ya vijana. Alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi chuo kikuu, mtu mtaratibu, mwenye kula sana. Alipoambiwa Hénock anakwenda umeme, aliiweka sahani chini ikiwa bado imejaa, na mimi niliyempakulia nikajua kuna neno.

Aliingia chumbani kwa Hénock. Baada ya muda akatoa kichwa mlangoni.

"Tantine Sidonie, kuya kidogo."

Tantine, shangazi, ndiye mimi; niliingia nikifuta mikono. Hénock alikuwa ameketi kitandani, magoti yake marefu yamefika kifuani. Alikuwa na miaka kumi na sita na tayari alikuwa ananipita kichwa kizima.

"Kichwa yake haina maladi," Rigobert akasema. "Mwambie tantine vile uliniambia."

"Walinifukuza, en fait," Hénock akasema. "Papa anafurahia, lakini walinifukuza."

"Walikufukuza namna gani, na umevuka mwaka?"

"Nimevuka, mais siwezi endelea na générale. Wananituma électricité. Tulikuwa weusi watatu mu classe, tantine. Wote watatu wametutuma vile, hata ule mwenye alihama Pasaka. Mi niko wa pili kwa mathématiques."

Rigobert alinieleza bila kupamba. Kwa sheria mlango wa chuo kikuu haukuwa umefungwa kabisa, kuna watu huupitia kwa kuzunguka. Lakini Hénock alitaka uhandisi, na kuingia uhandisi kuna mtihani wa hisabati unaoangusha hata watoto wa madaktari. Katika masomo ya jumla angepata hisabati karibu kila siku. Kule alikopelekwa angepata kidogo sana, na miaka miwili baadaye angekuwa ameachwa mbali. Alijua, kwa sababu yeye mwenyewe walimfanyia hivyo alipofika kutoka Kivu.

"Na wewe juu ya nini haukusema?" nilimuuliza Hénock. Nilitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa pamoja.

"Papa alikuwa anacheka," akasema. "Sijaonaka papa anacheka vile."

Nilitoka pale nimewaka moto. Watu husema nina hasira za karibu, na ni kweli, sikatai. Nilikwenda moja kwa moja kwenye redio nikazima muziki. Wageni wakageuka, vijiko mkononi.

"Mukendi, mwalimu alikuambia mutoto anaenda électricité. Uliuliza kisha hapo anaenda wapi?"

"Kuuliza nini? Anaenda kujifunza. Sidonie, uko na bantu hapa."

"Niko nabaona. Uliuliza, wala haukuuliza?"

Aliiweka chupa chini. Akanitazama, kisha akamtazama Rigobert aliyekuwa amesimama nyuma yangu pamoja na Hénock.

"Électricité ni kazi ya haya?" akasema, na sauti yake ilikuwa imeshaanza kupanda. "Baba yetu alikufa anatamani moja kati ya batoto yake aingie kule."

"Hapana, papa, si kazi ya haya hata kidogo," Rigobert akasema. "Mutu akiitaka, ni kazi muzuri sana. Lakini ule wa Likasi na huu wa hapa si kitu moja. Kule walichagua wenye walipita. Hapa huyu hakuchagua, walimuchagulia." Akaeleza tena mambo ya mtihani na ya hisabati, polepole, mbele ya watu wote. Mama mmoja alianza kukusanya mkoba wake.

Wageni waliondoka mmoja mmoja, wamebeba nyama kwenye sahani za karatasi, wakiaga kwa sauti ya msibani. Tulibaki sisi wa nyumbani na Rigobert. Mukendi aliketi akafungua tai.

"Bon," akasema. "Nilishasema aksanti."

"Shule inatoa nafasi ya kupinga, papa. Mpaka lundi." Jumatatu, yaani keshokutwa tu.

"Haunisikii. Nilishasema aksanti. Nilimushika directeur mukono. Mutu haezi sema aksanti vendredi, anarudi lundi kufanya fujo. Ni mutu gani ule?"

Mbombo, ambaye husema kidogo kiasi kwamba watu humdhania bubu, alisema kutoka mlango wa jikoni, "Ni mutu mwenye alikosea." Mukendi akajifanya hakusikia.

Ndipo Hénock akaongea. Hakupaza sauti.

"Papa, aksanti ilikuwa yako. Mwaka ni yangu."

Nilidhani atapigwa. Mukendi aliinuka, akasimama mbele ya mwanawe, akalazimika kuinua uso kumtazama, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Nilirudi kwangu nikiwa nimemkasirikia kila mtu mwenye pumzi.

Kulikuwa na tatizo jingine. Kanisa letu lilikodi ukumbi nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles, na Jumapili ile Mukendi alikuwa ameomba nafasi ya kutoa shukrani mbele ya watu. Alikuwa amenunua kikapu cha matunda tangu Ijumaa. Pasta alikuwa amekubali. Nusu ya ukumbi walikuwa wamekula mbuzi wake, na nusu nyingine walikuwa wameshasikia jinsi muziki ulivyozimwa.

Asubuhi ile nilikaa safu ya nyuma makusudi, ili nikimwona anashukuru niweze kutoka nje bila kukanyaga miguu ya watu. Pasta alimwita. Mukendi alipita mbele na kikapu chake, suti ile ile ya Ijumaa, akakiweka kikapu mezani na kushika kipaza sauti. Alikigeuza mkononi hadi watu wakaanza kukohoa.

"Nilipashwa kushukuru," akasema. "Leo sishukuru. Vendredi walimu waliniambia mutoto wangu anatoka générale, anaenda électricité. Nilifikiri wananipandishia mutoto. Nikasema aksanti, nikasema tena aksanti, nikapikia nyinyi mbuzi. Sikuuliza kitu. Mutoto alinyamaza juu aliniona nafurahi. Donc mulikula nyama ya bure. Kesho narudi kule kupinga, na sijui mutu anapinga namna gani, sijafanyaka. Ni hivi tu."

Alitaka kurudisha kipaza sauti. Nilikuwa nimeshika mdomo wangu kwa mikono yote miwili. Namjua kaka yangu tangu anivushe barabara kwenda shule ya awali, na sikuwahi kumsikia akisema mbele ya watu kwamba amekosea, hata kwa jambo la kuunguza wali.

Upande wa kushoto mtu alisimama. Alikuwa Viviane, mama wa Noé, mtoto wa pili kati ya wale watatu, mwanamke mwenye kucheka kwa nguvu ambaye siku ile hakucheka.

"Na mimi," akasema. "Noé walisema menuiserie, useremala, vendredi ile ile. Nikasema aksanti, madame."

Papa mmoja mzee akasema, bila kuinuka, kwamba wake ilikuwa zamani, walisema ufundi wa magari, na kijana hakutaka, akaacha shule kabisa, sasa anapakua mizigo usiku. Yeye naye alisema aksanti. Mama mwingine akasimama. Halafu mwingine. Sikuhesabu. Tulikuwa tumekaa pamoja ukumbini mle Jumapili baada ya Jumapili, tukiombeana visa na magonjwa, na kila mmoja alikuwa ameficha jambo lile lile nyumbani kwake akidhani ni mtoto wake peke yake asiye na kichwa. Niliona haya na uchungu kwa pamoja, tena niliona hasira, lakini safari hii hasira yangu ilikuwa na mahali pa kwenda.

Pasta alitaka tuombe. Rigobert alimwomba dakika moja, akasimama na kuuliza ni nani kati yao amepewa ripoti ya namna hiyo Ijumaa hii, kwa sababu mlango wa kupinga unafungwa kesho jioni. Mikono miwili ikainuka, ya Mukendi na ya Viviane; wazazi wa yule mtoto wa tatu hawakuwa wa kanisa letu. "Bon," akasema Rigobert, "kisha culte, ibada ikiisha, tunaketi hapa tunatayarisha maneno." Ndipo tukaomba.

Jumatatu tuliomba ruhusa kazini, mimi na Mukendi. Noé ndiye aliyekuwa amehamia shule nyingine ya karibu wakati wa Pasaka, kwa hiyo Viviane alikwenda huko na Rigobert, nasi tukaenda kwenye shule ya Hénock: Mukendi, Hénock na mimi. Mkurugenzi alikuwa mwanaume wa makamo, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala tangu mitihani ianze. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kuwaambia alikuwa mbaya, ingenirahisishia, lakini alituletea viti yeye mwenyewe.

"Bwana Mukendi," akasema, "Ijumaa ulifurahi sana. Ulinishika mkono."

"Ndiyo," Mukendi akajibu kwa Kifaransa chake cha Likasi, kile cha masista, kilichopigwa pasi. "Ijumaa nilidhani unanipa kitu. Sasa nimejua kwamba ulikuwa unakichukua. Nimekuja kuomba shukrani yangu unirudishie."

Mkurugenzi aliinua nyusi. Nadhani katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumdai kitu cha namna hiyo. Mukendi hakuwa anatania hata kidogo, jasho lilikuwa linamshuka shingoni. Kwake yeye kazi haikuweza kuanza kabla ya lile neno kuondolewa katikati.

"Imerudi," mkurugenzi akasema mwishowe. "Tuongee."

Tuliongea. Alieleza habari za Kiholanzi na za insha za Kifaransa, na hakudanganya, alama zilikuwa hafifu. Mukendi akauliza maswali tuliyoandaa ukumbini, moja baada ya jingine. Kwa nini mtoto wa pili kwa hisabati anaondolewa kwenye hisabati? Kwa nini hawakumpa mtihani wa marudio Septemba kwa zile lugha, kama walivyompa mwenzake? Akitoka huko mnakompeleka, ni wangapi mliowaona wakifika uhandisi? Swali hilo la mwisho mkurugenzi alilifikiria sana, na alijibu kwamba hakumbuki hata mmoja.

"Umeme ni kazi nzuri," akamwambia Hénock. "Hukosi ajira. Kwa nini hutaki?"

Hénock alijiweka sawa kwenye kiti.

"Naipenda, bwana," akasema. "Kwetu natengeneza kila kitu kinachoharibika. Lakini mimi nataka kuwa yule anayechora daraja, na mtu anayechora daraja anapitia darasani kwako, ghorofa ya pili. Mkikataa, nitarudia mwaka. Sheria inaruhusu. Septemba nitakuja kuketi na wale wadogo, na mwaka ujao nitakuja tena mbele yako na Kiholanzi."

Kurudia mwaka! Hatukuwa tumeliandaa hilo. Nilimwona Mukendi anageuka kumtazama. Kwetu kurudia darasa ni aibu ya ukoo mzima, unaulizwa hadi kwenye simu za kutoka Likasi.

Walimu walikutana tena mchana ule. Sisi tulingoja Molenbeek, tumezunguka simu ya mezani kama wagonjwa wanaongoja kuitwa. Kwanza alipiga Viviane. Noé amekubaliwa kuendelea na masomo ya jumla, baraza la kule limebadili uamuzi. Tulipiga vigelegele, mimi na Mbombo. Nusu saa baadaye alipiga mkurugenzi. Alisema samahani. Baraza limejadili kwa muda mrefu, na limebaki pale pale.

Mukendi alirudisha simu mahali pake kwa uangalifu mkubwa. Mimi nilianza kutukana, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kiluba cha bibi yetu, na hakuna aliyenikataza. Viviane, alipopata habari, alilia kama aliyefiwa, akisema ameona haya kushinda peke yake. Ndivyo ilivyokuwa. Siku ile ile, maneno yale yale, mmoja akapita na mwingine akakwama.

"Donc narudia," Hénock akasema.

Mbombo alimshika mwanawe bega. Mukendi alikuwa bado amesimama karibu na simu, anaiangalia suti yake ya arusi, mikunjo ya suruali imeanza kupotea baada ya siku nne mfululizo.

"Tunarudia," akasema.

Na alirudia kweli. Septemba Hénock aliketi na watoto waliomfikia kifuani, na jina walilompa ni Papa. Alilivumilia. Jumatano mchana, shule zinapofungwa mapema, Rigobert alifungua ukumbi wa kanisa nyuma ya Chaussée d'Ixelles na kufundisha hisabati, na mwanafunzi mwenzake wa chuo, Michelle, msichana wa Kibelgiji aliyekuja mara ya kwanza kwa ajili ya bukari tu, akafundisha Kiholanzi. Walianza na vijana wanne. Mukendi alibadilisha zamu yake kazini ili awepo. Alikaa mlangoni na kuzuia yeyote asitoke kabla ya saa, na kusema kweli alikuwa anawachosha, lakini chai yake ilikuwa nzuri. Kila Juni alivaa ile suti na kumsindikiza mzazi yeyote aliyeogopa kwenda peke yake. Walimu wa Molenbeek walimzoea. Alikuwa na swali moja tu, na alikuwa analiuliza kwa adabu, na hakuinuka kwenye kiti kabla ya kujibiwa: kisha hapo anaenda wapi?

Hénock alimaliza sekondari mwaka 2011. Julai akafanya ule mtihani wa kuingia uhandisi na akaanguka. Alianguka kwa trigonometria, kwa alama chache. Bibi mmoja wa ofisi ya ushauri alimshauri kwa wema, na kwa maneno karibu yale yale ya miaka mitatu nyuma, achague kitu kifupi zaidi, cha mikono. Hénock alinisimulia jioni ile kwenye tramu. Nilimuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia madame, kuna session ingine septembre, tutaonana."

Sikumwona tena hadi mwisho wa Agosti, na nilipomwona alikuwa amekonda. Rigobert, ambaye sasa alikuwa mhandisi na mshahara wake, alitoka kazini kila siku akaenda Molenbeek kuketi naye. Noé alikuja pia, ingawa yeye mtihani haukumhusu, alikuwa tayari amemaliza mwaka mmoja wa sheria chuoni. Alikuwa anamuuliza maswali kutoka kwenye karatasi bila kuelewa hata moja.

Siku ya matokeo mimi na Mukendi tulikuwa zamu ya asubuhi Auderghem. Nilikuwa ninamsukuma bibi mmoja wa miaka tisini na zaidi kwenye kiti chake cha magurudumu, tukasimama mwisho wa korido ya chini kwa sababu Mukendi alikuwa ameipiga deki yote, kutoka lifti hadi mlango wa kioo. Mbele ya sakafu mbichi ya Mukendi kila mtu husimama. Hata mkurugenzi wa nyumba ile husubiri, nimemwona kwa macho yangu, na madaktari huzungukia bustanini.

Mlango wa kioo ukafunguka. Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Pitia kule, ni maji," Mukendi akasema bila kuinua kichwa.

Hénock hakupitia kule. Alikuja moja kwa moja katikati ya korido na viatu vyake vya matope, hatua kwa hatua, na kila hatua ikabaki pale sakafuni. Mukendi aliinua kichwa, akafungua mdomo kugomba, akaona ni nani.

"Papa, wamenikubali. Polytechnique."

Kaka yangu alisimama ameshika mti wa fagio lake la maji.

"Na kisha hapo unaenda wapi?" akauliza.

"Kisha hapo miaka tano, papa. Kisha niko ingénieur."

Mukendi aliachia fagio likaanguka, akamkamata mwanawe kiunoni kwa kuwa mabegani hafiki, na wakagonga ndoo ikamwagika yote. Alilia kwa sauti mbele ya wazee wa watu. Mimi nililia pia. Bibi wangu wa kwenye kiti aliniuliza nani amekufa, nikamwambia hakuna, yule mrefu ni mtoto wa kaka yangu, anakwenda kujifunza kuchora madaraja. Akasema basi wamwache mtoto apumue.

Mukendi hakumwacha upesi. Sakafu nilikausha mimi.